Ingekuwa Vizuri Ukihama?

Maswali mengi wanayoulizwa wakazi wa Soweto East mlangoni mwao hutungwa kwanza kwa Kiingereza. Kijiji hiki cha Kibera, Nairobi, kimehojiwa sana, hasa tangu serikali ya Kenya na UN-Habitat zilipokubaliana mwaka 2003 kuanzisha KENSUP, mpango wa kuboresha makazi duni, na Soweto East ikachaguliwa kuwa ya kufanyiwa majaribio. Karani akija, haulizi tu una watoto wangapi au unalipa kodi shilingi ngapi. Anakutaka pia utoe hukumu juu ya maisha ambayo hujayaishi: ukipewa nyumba ya ghorofa, itakuwaje? Kuhama ni afadhali?

Kiingereza kina njia yake ya kutoa hukumu ya aina hiyo, na tegemeo lake kubwa ni kivumishi. Chukua “good”. “It is good that she moved”: amekwisha kuhama, nami nasifu. “It would be good if she moved”: hajahama, nami napima tu. Kivumishi ni kilekile. Kinachoiondoa hukumu kwenye yaliyotukia na kuipeleka kwenye ya kudhaniwa ni “would” na “if”. Lakini viko vivumishi visivyohitaji msaada huo. Ukisema “it is essential that she move”, neno “essential” peke yake limetosha kumwambia msikilizaji kwamba jambo lenyewe bado, na kitenzi kinachofuata kinavuliwa alama yake ya wakati. “Advisable” na “desirable” ni wa ukoo huo. “Lucky” kwa kawaida hutazama nyuma, kwenye lililokwisha kuwa. “Good” na “appropriate” huenda huku na huku. Mwanaisimu An Van linden alichapisha kitabu kizima juu ya vivumishi hivi mwaka 2012, akifuata namna matumizi yao yalivyobadilika katika historia ya Kiingereza. Waingereza hukitumia kivumishi hata kumhukumu mtu kwa tendo ambalo hajalitenda: “you'd be mad to sell”, yaani ukiuza utakuwa umerukwa na akili.

Kiswahili hakina vivumishi vingi vya asili. Si aibu, wala si ajabu. Mwanaisimu R. M. W. Dixon alionyesha mwaka 1977 kwamba lugha nyingi duniani zina vivumishi vya kuhesabika, na Kiigbo cha Nigeria hutajwa kuwa na vinane tu. Kazi ambayo Kiingereza kimekipa kivumishi, sisi tumekipa kitenzi: kufaa, kupasa, kubidi, kustahili. Na udhanifu wenyewe tumeuweka ndani ya kitenzi hichohicho, kwa kiambishi.

Hebu tazama jambo moja la kuhama linavyogeuka. “Ni vizuri kwamba umehama” ni pongezi. “Ni vizuri uhame” ni ushauri, na ukitoka kinywani mwa mtu mwenye kitambulisho cha serikali kifuani unakaribia amri. “Ni vizuri ukihama” inaacha mlango wazi. “Ingekuwa vizuri ungehama” inampa msikilizaji nafasi ya kukataa bila kumvunjia mtu heshima. “Ingalikuwa vizuri ungalihama”, kwa sarufi ya darasani, inasema nafasi imekwisha kupita. Nairobi hutaisikia sana hiyo -ngali-, walimu wa Kiswahili walalamike wapendavyo. Mtu wa Kibera atasema “ungekuwa umehama, ingekuwa poa”, na mambo yakishaharibika atakuambia “si ungeniambia!” bila kivumishi chochote, nawe utajua umelaumiwa. Tena si lazima -nge- iwepo. “Ilifaa uje jana” ni wakati uliopita wa kawaida, lakini kila mtu anaelewa kwamba hukuja.

Basi karani akiwa na “would it be better if you moved” kwenye kishikwambi chake, akaitafsiri palepale kuwa “ni vizuri uhame?”, neno la sifa limevuka salama lakini dhana imebaki nyuma. Anayejibu “ndiyo, ni vizuri” huenda amekubali ushauri wa mgeni kwa adabu. Kwenye jedwali la ripoti jibu hilo litasomeka kama chaguo.

Wanasaikolojia waliwahi kujikwaa hapohapo. Mwaka 1981 Alfred Bloom alidai kwamba Wachina hupata taabu kufikiri juu ya mambo kinyume cha yaliyotokea, kwa kuwa lugha yao haina alama ya kisarufi mfano wa “would have”. Aliwapa hadithi za aina hiyo kwa Kichina, na wengi wakazielewa vibaya. Miaka miwili baadaye Terry Kit-fong Au aliandika hadithi za namna hiyo kwa Kichina kinachosemwa na watu, na taabu ikatoweka karibu yote. Wasomaji hawakuwa na kasoro ya akili wala ya lugha. Hadithi za kwanza ndizo zilizokuwa na Kichina kibaya. Ningependa kila ofisi inayotuma makarani Kibera ikumbuke kisa hicho, maana sisi alama tunazo tele. Tunachokosa ni mtu wa kuzitumia dodoso linapoandikwa.

Ipo shida nyingine ambayo hata tafsiri nzuri haiiponyi. Hukumu ya kudhaniwa hailipiwi. Wachumi John List na Craig Gallet walikusanya majaribio ya watafiti wengi mwaka 2001, wakaona kwamba watu wakiulizwa wangelipa kiasi gani, kwa wastani hutaja karibu mara 3 ya wanachotoa fedha zikitakiwa kweli. Ndiyo maana napenda kazi iliyofanywa Ukunda, pwani ya Kenya, na Dale Whittington na wenzake, ikachapishwa mwaka 1990. Hawakutegemea maswali ya “ungelipa ngapi”. Waliangalia nani ananunua maji kwa muuzaji anayeyafikisha mlangoni, nani anakwenda kwenye kioski, nani anateka kisimani bure. Kwa bei na kwa mwendo huo wakakadiria thamani ya muda wa mchotaji, wakaona inakaribia ujira wa kibarua. Watu walikuwa wamekwisha kujibu kwa miguu na mifuko yao.

Soweto East nayo ilifika mahali pa kujibu kwa miguu. Septemba 2009 familia za kwanza kutoka eneo la A la kijiji hicho zilihamishiwa nyumba 600 za muda za Lang'ata, zikisubiri kijiji kijengwe upya. Watu wakapaita Kanaani. Nyumba moja ilikuwa na vyumba vitatu, na familia kadhaa zikajikuta zinatumia jiko na choo kimoja. Wenye vibanda vya kupangisha walikwenda mahakamani, ujenzi ukachelewa, na nyumba mpya 822 zilikabidhiwa mwaka 2016. Miaka 7 ni mirefu kwa mtu aliyeulizwa kama kuhama ni vizuri. Swali lililofaa lilikuwa refu kidogo: ungehama iwapo jiko lingekuwa la kushirikiana, kodi ikiwa kiasi hiki, na kurudi kukachukua miaka?

Ombi langu kwa wanaotunga madodoso, wawe wa wizara, wa chuo kikuu au wa shirika, ni moja. Andikeni swali kwa Kiswahili kwanza, na kama ni Soweto East, kwa Kiswahili cha huko. Mpeni mkazi alisome kwa sauti kabla halijaingia kwenye kishikwambi, mumwulize amesikia swali, ushauri au amri. Akisema amesikia amri, liandikeni upya.