Bakteria wa soya: mbolea isiyopenda jua

Kule Walungu na Kabare mashamba yetu ni madogo, wala hatupati nafasi ya kuyapumzisha. Tunapanda mwezi wa tisa, tunavuna, tunapanda tena mwezi wa pili. Mbolea ya dukani ni ya bei kali. Ndiyo sababu tunataka kuongea juu ya soya, na juu ya ule unga mweusi wa pakiti unaochanganywa na mbegu zake.

Sehemu 78 kwa 100 za hewa tunayovuta ni nitrojeni, chakula kile kile ambacho mahindi yakikikosa hugeuka manjano. Lakini mahindi hayawezi kuichukua hewani. Maharagi, kunde, karanga na soya husaidiwa na bakteria wanaoitwa rizobia. Hao huingia katika mizizi, hujenga vifundo, na humo huigeuza nitrojeni iwe chakula cha mmea. Mmea nao huwapa sukari.

Soya ilitoka Asia, na mara nyingi udongo wetu hauna bakteria wake wa kutosha. Aina za TGx, zilizotolewa na IITA, huwakubali hata wa kienyeji. Nyingine nyingi huhitaji pakiti.

Ndani ya pakiti mna viumbe hai, na jua huwaua. Muuzaji akiwa ameianika mezani sokoni, msinunue, hata akipunguza bei. Tazameni tarehe. Changanyeni kivulini: lowesheni mbegu kidogo kwa maji ya sukari, tieni unga kwa kipimo kilichoandikwa, geuzeni polepole mpaka kila mbegu ivae weusi. Pandeni siku ile ile katika udongo wenye unyevu, mfukie mara moja.

Kuna jambo wauzaji hawalisemi sana: rizobia hawaleti fosforasi. Udongo mwingi wa Walungu una uchachu na fosforasi kidogo, kwa hiyo bila samadi au mbolea ya fosfeti pakiti inaweza kuwa pesa iliyotupwa.

Soya ikitoa maua, chimbueni mimea michache mpasue vifundo kwa ukucha. Ndani kukiwa kwekundu, wanafanya kazi. Kukiwa kweupe au kijani, hapana.

Kwa shamba lililochoka kabisa, hasa la mteremko, sisi tungechagua mukuna. Hufunika udongo mvua isiuchukue, huzima magugu, na kwa kawaida haihitaji pakiti. Ipandwe katikati ya mahindi yaliyokwisha kufika wiki sita hivi, la sivyo itayakaba. Mbegu zake zina sumu, watoto wasizipike.

Turudi kwa soya. Sehemu kubwa ya nitrojeni yake huondoka na punje. Wengi wetu huing'oa yote na kuipura nyumbani, kisha mabua yanachomwa. Afadhali ikatwe, mizizi ibaki ardhini, na mabua yarudishwe shambani, au yapitie kwanza kwa mbuzi na yarudi kama samadi.