Picha ya hadubini: mshale mmoja waweza kumpotosha msomaji

Watafiti hutumia miezi mingi maabara, lakini picha wanazochapisha mara nyingi hazimwelezi msomaji anachokitazama, wala ukubwa wake.

Anayetaka kufanya utafiti nchini Uganda husajili kazi yake katika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, lenye ofisi zake Barabara ya Kimera, Ntinda, jijini Kampala. Kibali kinachotolewa hapo huruhusu kazi kuanza. Mwisho wa kazi hiyo huja hatua nyingine, ambayo wengi huifanya kwa haraka: kuandaa picha za jarida.

Chukua mfano wa damu ya mgonjwa wa malaria. Kimelea kichanga cha Plasmodium falciparum huonekana kama pete ndogo ndani ya chembe nyekundu, ambayo upana wake ni mikromita 7 hadi 8 tu. Chembe sahani iliyolala juu ya chembe nyekundu, au hata uchafu wa rangi ya Giemsa, huweza kufanana na kimelea hicho. Bila mshale, msomaji atakisia. Mshale ukikifunika kimelea chenyewe, hali ni ileile.

Kosa lililozoeleka zaidi ni kuandika "imekuzwa mara 1,000" na kuishia hapo. Maneno hayo yalikuwa kweli mbele ya hadubini. Picha ikipunguzwa ili itoshe ukurasani, kisha ikapanuliwa kwenye simu, si kweli tena. Mstari wa kipimo, kwa mfano wa mikromita 10, hupungua na kukua pamoja na picha. Ndiyo maana unaaminika.

Rangi nazo zina mtego wake. Barani Ulaya, takriban mwanamume 1 kati ya 12 hatofautishi vyema nyekundu na kijani. Kijani na majenta huwafaa wengi zaidi, na mishale yenye maumbo tofauti, iliyoelezwa chini ya picha, ni salama kuliko kutegemea rangi pekee.

Mwaka 2021, Helena Jambor na wenzake walichapisha katika jarida la PLOS Biology uchunguzi wa makala za fani tatu za biolojia. Makala zilizotimiza vigezo vyote vya picha zilikuwa asilimia 16 katika fani iliyofanya vizuri zaidi, na asilimia 2 katika ile ya mwisho.

Uganda inajua uzito wa picha. Saratani aliyoieleza Denis Burkitt akiwa Kampala, mwaka 1958, ilimvutia Anthony Epstein wa London. Majaribio ya kawaida ya kukuza kirusi yaliposhindikana, hadubini ya elektroni ndiyo iliyokionyesha. Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walichapisha picha hizo katika The Lancet mwaka 1964, nazo ndizo zilizobeba hoja yao.

Leo watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere wanaifundisha kompyuta kutambua vimelea vya malaria kwa picha zilizowekewa alama na wataalamu wa maabara. Alama ikiwekwa pasipo kimelea, kompyuta hujifunza kosa hilo.