Shilingi 10 kwa Siku kwa Afya ya Watoto

Mkulima anayepeleka sukuma wiki katika Soko la Toi, huko Nairobi karibu na Kibera, hangoji mshahara wa mwisho wa mwezi. Mwenye kibanda cha mitumba sokoni humo hali yake ni hiyo hiyo: leo hupata, kesho hakosi kukosa. Basi mtoto akishikwa na homa ya mapafu akalazwa, deni la hospitali huweza kumaliza mtaji wote, au kumfanya mkulima auze ng'ombe wake wa maziwa. Kwa hiyo yafaa kila mzazi aelewe habari za bima ya afya.

Tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua kazi ya mfuko wa zamani wa NHIF, ulioanzishwa mwaka 1966. Mchango ni mmoja kwa jamaa ya nyumba moja: baba, mama na watoto wao.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kujiandikisha ni bure, na aliyejiandikisha hutibiwa katika zahanati na vituo vya afya vilivyo katika mpango huo kwa gharama ya Serikali. Lakini mtoto akilazwa katika hospitali kubwa, kama ya Mbagathi, kujiandikisha peke yake hakutoshi. Lazima mchango uwe umelipwa.

Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato. Asiye na mshahara huulizwa maswali juu ya nyumba na maisha yake, ndipo hesabu ifanywe. Kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na hulipwa kwa mwaka mzima. Hapo ndipo wengi hushindwa. Lakini ukigawanya fedha hizo, ni kama shilingi 10 kwa siku. Wafanya biashara wa Toi wamezoea kuweka akiba kidogo kidogo katika vyama vyao. Na akiba hii iwekwe vivyo hivyo. Tena, mwaka 2025 Serikali ilianzisha mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambao humkopesha mtu mchango wa mwaka, naye akarudisha kwa vipande.

Basi fanya hivi:

Kwanza, piga *147# kwa simu ujiandikishe. Ukishindwa, mwombe mhudumu wa afya wa kijijini akusaidie.

Pili, mwandikishe kila mtoto, ukiwa na cheti chake cha kuzaliwa. Usidhani kuwa jina la baba latosha.

Tatu, jibu maswali yote kwa kweli, maana ndiyo yanayoonyesha utalipa kiasi gani.

Nne, lipa watoto wakiwa wazima. Mkulima hangoji mvua inyeshe ndipo aanze kutafuta mbegu.