Istilahi za Kumwuza Farasi Aliyefunzwa

Hati za kuuzia farasi hazimfikii mfasiri wa Kiswahili kila siku, lakini zimfikiapo humtega kwa maneno ambayo hudhani anayajua. Tuchukue hati ya Uingereza ya kumwuza farasi wa mashindano aliyekwisha kufunzwa. Mnunuzi atatoa fedha nyingi kwa kuyaamini maneno ya hati hiyo, na neno moja likikosewa huweza kuzua daawa.

Kwanza, kimo. Waingereza humpima farasi kwa kipimo ambacho jina lake ndilo lile lile la kiungo tukiitacho mkono. Mfasiri akiandika "mikono 16" amekwisha potoka, kwani mkono katika Kiswahili ni kipimo cha kale, yaani dhiraa, kiasi cha inchi 18 tangu kiwiko hadi ncha ya kidole. Farasi huyo angekuwa na kimo cha futi 24, akampita twiga! Kipimo cha Waingereza ni inchi 4 tu, upana wa kiganja; basi farasi wetu ana sentimita 163 hivi, tangu ardhini hadi shingo iungapo na mgongo. Tena, tarakimu 16.2 si desimali, bali ni viganja 16 na inchi 2. Ni heri kuandika sentimita.

Kwa miendo hatuna umaskini mkubwa: yapo matiti, ipo na shoti. Mwendo ulio baina ya hiyo miwili, wenye mapigo matatu, waweza kuitwa shoti ya pole.

Farasi mjuzi anayemfunza mpandaji mgeni, Waingereza humpa jina la mwalimu wa shule. Twapendekeza "farasi mkufunzi". Kungwi lingeleta kicheko. Umri wake nao usiandikwe kwa neno "mzee". Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la michezo ya farasi, lililoundwa mwaka 1921, hazimruhusu farasi aliye chini ya miaka 8 kushindana katika daraja la juu kabisa la mazoezi ya utii na miendo. Kwa hiyo farasi wa miaka 14 huuzwa kwa elimu yake. "Aliyekomaa" ndilo neno.

Tatizo kubwa ni kauli ya muuzaji kwamba farasi ni "mzima". Kwetu mzima ni aliye hai, au asiye mgonjwa, au aliyetoka utotoni. Hati yakusudia jambo jingine: kwamba hachechemei, wala hana maradhi au kilema kimzuiacho kufanya kazi anunuliwayo. Iandikwe hivyo kwa urefu, hata kama sentensi itakosa uzuri. Vivyo hivyo, pale hati isemapo hana "uovu", makusudio si dhambi, bali ni mazoea kama kung'ata hori au kuyumba-yumba zizini. Hapo "ila za tabia" latosha, na ila zenyewe zitajwe moja moja.