Nzi Aliyevaa Sura ya Nyuki

Mdudu wa kahawia anayevuma juu ya ua si lazima awe nyuki. Hesabu mabawa: nyuki ana manne, nzi ana mawili tu. Vipapasio vya nzi huyu, Eristalis tenax, navyo ni vifupi mno. Hana mwiba wala sumu, ila anafanana na mwenye navyo, na hiyo ndiyo kinga yake. Mwingereza Henry Walter Bates, aliyechunguza vipepeo wa Amazon, alieleza mbinu hiyo mwaka 1862: ndege aliyekwisha kuonja ubaya wa mdudu mmoja humkwepa hata anayefanana naye.

Wapo watakaouliza, mbona mfanano wenyewe una kasoro ambazo hata sisi tunaziona? Sisi tuna muda wa kukodoa macho. Ndege huamua kwa kufumba na kufumbua, na akikosea huumia, hivyo kufanana kiasi kunatosha. Huenda mfanano huo uliwapotosha hata watu: wasomi wa kale waliamini kwamba nyuki huzaliwa katika mzoga wa ng'ombe. Mwaka 1894 mtaalamu wa wadudu Osten-Sacken alitoa hoja kwamba walichokiona ni nzi hawa, ambao mabuu yao hukulia kwenye maji yaliyooza, yakipumua kwa mrija mrefu wa mkiani. Usimuue basi: naye huchavusha maua.