Nani Aliulizwa? Somo Juu ya Mabomu ya Atomu na Kambi za Kigeni

Karibuni tena darasani, ninyi mliokusanyika katika vikundi vya Kinondoni, Magomeni, Temeke na Mbagala, na wewe pia unayelisoma somo hili peke yako. Leo tutazungumza juu ya mabomu ya atomu na kambi za askari wa kigeni, na juu ya watu waliozipinga bila kushika silaha.

Labda utasema, "Mambo hayo ni ya wakubwa, mimi yananihusu nini?" Basi tuanze na jambo unalolijua. Fikiri nyumba ya vyumba sita huko Temeke, ua mmoja, bomba moja. Mwenye nyumba anakaa mbali. Siku moja mpangaji wa chumba cha mbele analeta mapipa matano ya petroli, anayapanga uani, karibu na mahali mnapopikia kwa mkaa. Mkimwuliza anajibu, "Nimekwisha patana na mwenye nyumba, na kodi nimelipa." Huenda asemayo ni kweli. Lakini moto ukizuka hautachagua chumba cha aliyepatana na kuacha cha asiyepatana. Kwa hiyo wapangaji wengine wana haki ya kusema: Je, sisi nani alituuliza?

Watu wa Mbagala wanaelewa jambo hili kuliko wengi. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha za jeshi letu wenyewe lililipuka pale, watu wakafa na nyumba zikabomoka. Tarehe 16 Februari 2011 yakatokea kama hayo Gongo la Mboto. Na yale yalikuwa mabomu ya kawaida. Sasa tutazame bomu la atomu.

BOMU LA SAHARA

Mwaka 1959 serikali ya Ufaransa ilikuwa ikijitayarisha kujaribu bomu lake la kwanza la atomu. Haikuchagua mahali karibu na Paris. Ilichagua Reggane, katika jangwa la Sahara, nchini Aljeria, nchi iliyokuwa chini ya utawala wake na ambayo watu wake walikuwa vitani wakidai uhuru. Wenyeji hawakuulizwa.

Hapana budi tueleze hatari yenyewe. Bomu la atomu halimalizi kazi yake linapolipuka. Hurusha juu vumbi lenye mionzi ya sumu, ambayo huioni kwa macho wala huisikii harufu yake. Upepo hulichukua vumbi hilo mbali sana. Likianguka juu ya majani, ng'ombe huyala, na sumu huingia katika maziwa anywayo mtoto. Upepo haubebi pasi, wala hausimami mpakani.

Desemba 1959 kundi la watu wapatao ishirini lilitoka Accra, nchini Ghana, kwa magari, likakusudia kufika Reggane na kukaa pale pale palipotengenezwa kwa ajili ya bomu. Wengi walikuwa Waafrika. Pamoja nao walikuwapo Mchungaji Michael Scott wa Uingereza, na Wamarekani weusi wawili, Bayard Rustin na Bill Sutherland. Walizuiwa katika nchi ya Upper Volta, ambayo leo ni Burkina Faso. Wakajaribu tena, wakazuiwa tena. Tarehe 13 Februari 1960 bomu likalipuliwa, nalo lilikuwa na nguvu zaidi ya mara nne ya lile la Hiroshima la mwaka 1945.

Je, kazi yao ilikuwa bure? Bomu hawakulizuia, hilo ni kweli. Lakini Ghana ilizuia mali za Ufaransa zilizokuwa nchini mwake. Aprili 1960 mkutano wa Waafrika ulifanyika Accra juu ya jambo hilo, na Januari 1961 Nigeria ilivunja uhusiano wake na Ufaransa. Ufaransa ikaacha kulipua hewani Sahara mwaka 1961, ingawa iliendelea chini ya ardhi mpaka 1966. Na mwaka 1963 Marekani, Urusi ya Kisovieti na Uingereza zilipatana kutolipua tena mabomu hewani wala baharini. Tanganyika nayo ikatia sahihi mapatano hayo. Ufaransa ilikataa.

WAPINZANI WA BOMU WAFIKA DAR ES SALAAM

Mwaka 1962 baadhi ya watu hao hao walikuja mjini kwetu. Walikuwa wameunda jumuiya ya kimataifa ya amani katika mkutano uliofanyika Lebanon. Walikwisha kuona kwamba bomu hupelekwa kwa mtu asiye na sauti nchini mwake; basi dawa ya kwanza ni uhuru. Kwa hiyo, pamoja na TANU na chama cha Kenneth Kaunda, walitayarisha maandamano ya amani ya kuvuka mpaka kuingia Northern Rhodesia. Mambo ya siasa huko yalibadilika, na maandamano hayakuhitajika tena. Zambia ilipata uhuru wake mwaka 1964. Bwana Sutherland alikaa Dar es Salaam miaka mingi baada ya hapo.

TUNGUU NA DIEGO GARCIA

Tuvuke bahari kidogo. Mwaka 1960 Uingereza, iliyokuwa ikitawala Zanzibar, ilipatana na Marekani kujenga kituo pale Tunguu. Watu wengi wa Zanzibar walipinga, wakisema kuwa ni kambi ya makombora. Kwa kweli kilikuwa kituo cha mitambo ya redio, ya kufuatia vyombo vinavyobeba watu angani. Lakini hofu yao ilikuwa na sababu: mapatano yalifanywa na wageni wawili, wao wakaletewa habari tu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali mpya iliamuru kituo kiondolewe, nacho kikaondoka.

Sasa simama ufukweni Kigamboni utazame mashariki. Ukinyosha mstari baharini kiasi cha kilometa 3,600, utakaribia kisiwa cha Diego Garcia, katika visiwa vya Chagos. Mwaka 1966 Uingereza ilikubali Marekani iweke kambi huko. Kati ya 1968 na 1973 wenyeji wote wa visiwa hivyo waliondolewa, wakapelekwa Mauritius na Shelisheli. Hapa mpangaji hakuleta mapipa tu. Wenzake walitolewa nyumbani.

Mwaka 1971 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitangaza Bahari ya Hindi kuwa eneo la amani. Waliolipeleka shauri hilo walikuwa Sri Lanka pamoja na Tanzania. Kambi haikuondoka. Wenyeji wa Chagos, wanawake wakiwa mbele, hawakunyamaza: waliandamana, wakafunga kula, wakaenda mahakamani. Tarehe 25 Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa ilitoa maoni kwamba Uingereza iviache visiwa hivyo. Mei 2025 Uingereza na Mauritius zilitia sahihi mkataba wa kuvirudisha, lakini kambi ikaachiwa miaka 99.

SHERIA YETU WENYEWE

Afrika imejiwekea mkataba wake, unaoitwa wa Pelindaba. Ulitiwa sahihi Cairo mwaka 1996, ukaanza kazi mwaka 2009, na Tanzania imo. Unakataza kutengeneza, kuweka au kujaribu silaha za atomu katika bara letu na visiwa vyake. Lakini kila nchi imeachiwa kuamua yenyewe kama meli za kivita za kigeni ziruhusiwe kutia nanga bandarini mwake. Kwa hiyo mlango mmoja ufunguo wake uko mkononi mwetu.

Ndugu msikilizaji, si kila mgeni ni adui, wala si kila mtambo ni bomu. Tunguu imetufundisha hivyo. Lakini mwenye uani ana haki ya kuambiwa kinachowekwa, ni cha nani, kitakaa mpaka lini, na nani atahamishwa. Waliouliza hayo hawakushinda siku ile ile. Wasingeuliza, hata sheria tulizo nazo zisingekuwapo.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Kwa nini bomu la Sahara lilikuwa shauri la watu walio mbali na Aljeria?
2. Watu wa Tunguu wangeelezwa mapema, je, wangepinga?
3. Katika mtaa wenu, jambo la hatari likitaka kuletwa, nani huulizwa, na nani husahauliwa?

Kwaherini mpaka somo lijalo.