Ukumbi wa Kuazima, Watoto wa Watu

Fomu ya kuombea ukumbi inajua kuuliza. Viti vingapi, kipaza sauti kinahitajika au la, umeme ukikatika jenereta atawasha nani, usafi utalipwa na nani. Fomu za namna hiyo nimesoma nyingi, na ni nadra kukuta swali hili: watakaokalia viti hivyo wana umri gani?

Kwa Tunguu swali hilo si la kupuuza. Hapo, nje kidogo ya mji wa Zanzibar, pana Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichoanzishwa 1998, na pana kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilichoundwa kwa Sheria Na. 8 ya 1999. Chuo kikuu kina kumbi, maabara, viwanja na dakhalia, vitu ambavyo skuli nyingi, madrasa na vilabu vya mpira havina. Si ajabu watu wa nje kuviomba: kambi ya masomo ya kidato cha nne, mashindano ya kuhifadhi Qur'ani, mafunzo ya kompyuta kwa wasichana, bonanza la watoto. Na vizuri wapewe.

Tatizo huanza pale kila mmoja anapomtegemea mwenzake. Chuo kinasema hawa ni wageni wa taasisi fulani. Taasisi inasema tumo ndani ya geti la chuo, walinzi wapo. Mzazi kule Jang'ombe kasikia mwanawe anakwenda chuo kikuu, katulia. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Na. 6 ya 2011, inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na ni sheria nzuri, hata 2015 ilishinda nishani ya dhahabu ya tuzo ya kimataifa ya Future Policy. Lakini sheria haikai getini kuhesabu vichwa.

Mfano ulioamsha vyuo vya Marekani ni wa Chuo Kikuu cha Penn State. Jerry Sandusky alikuwa kocha msaidizi wa timu ya chuo, na 1977 alianzisha taasisi ya kuwasaidia watoto wenye maisha magumu, The Second Mile. Alistaafu 1999, ila akaachiwa ruhusa ya kuingia katika majengo ya michezo. 2001 mfanyakazi mmoja alimkuta bafuni na mvulana, akapeleka habari kwa wakubwa. Wakubwa wakamwambia Sandusky asilete tena watoto humo, polisi hawakuambiwa. Alikamatwa 2011, mwaka uliofuata akatiwa hatiani kwa makosa 45, na 2017 viongozi watatu wa zamani wa chuo wakaadhibiwa kwa kuhatarisha watoto. Huyo bwana angeombwa cheti cha polisi cha tabia njema angekileta, kwani alichunguzwa 1998 na hakushitakiwa. Ndiyo maana mimi cheti nakitaka, lakini sikilalii.

Na waathirika wake walikuwa wavulana. Kwetu utafiti wa kitaifa wa 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionesha kuwa Zanzibar wavulana wapatao asilimia 9, na wasichana asilimia 6, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Anayeweka ulinzi kwenye kambi ya wasichana na kuliacha bonanza la mpira lijiendee hajazisoma takwimu za kwao.

Kikwazo kikubwa kwetu ni muhali. Mwalimu anayeleta vijana ni mtu wa heshima, pengine kamsomesha huyo ofisa wa chuo mwenyewe. Utamwambiaje, maalim, nipe majina ya wasaidizi wako na wadhamini wao? Dawa yake ni karatasi. Sharti likishachapwa kwenye fomu, likamhusu sheikh, kocha, mfadhili wa kigeni na mtoto wa waziri sawasawa, haulizi tena mtu, inauliza fomu, na hapana anayevunjiwa heshima.

Fomu hiyo iulize nini? Kwanza nani anabeba dhamana ya watoto kuanzia wanaposhuka garini mpaka wanapopanda, kwa jina na saini, si kwa mhuri wa taasisi peke yake. Orodha ya watoto, ridhaa ya wazazi na namba zao za simu. Orodha ya watu wazima wote, pamoja na dereva, mpishi na mpiga picha, maana hao ndio husahauliwa. Idadi ya wasimamizi nayo iandikwe: shirika la NSPCC la Uingereza linapendekeza mtu mzima mmoja kwa watoto 8 wa miaka 9 hadi 12, na mmoja kwa 10 kuanzia miaka 13. Chuo kinaweza kuanzia hapo.

Kuna na kanuni moja ambayo ningeitetea hata zote nyingine zikiachwa: mtu mzima asiwe peke yake na mtoto mmoja mahali wasipoonekana. Itazame chooni. Watoto 60 wako ukumbini, choo kiko mwisho wa korido ya nyuma, wanafunzi wa chuo na mafundi wanakitumia hicho hicho. Basi vyoo fulani vitengwe siku hiyo, watoto waende watatu watatu, msimamizi asimame nje pale panapoonekana na wote. Dakhalia ni hivyo hivyo: watu wazima wasilale chumba kimoja na watoto, na funguo za akiba zikae kwa mtu anayejulikana.

Halafu ipo saa ya magharibi. Gari limechelewa, wenzake wote wamechukuliwa, kabaki mtoto mmoja kwenye ngazi na mwalimu mmoja mwenye pikipiki anayesema nitampitisha nyumbani. Mara nyingi ni wema mtupu. Mkataba wa kuazima ukumbi hauna haja ya kumdhania mabaya. Useme tu kwamba wasimamizi wawili hubaki mpaka mtoto wa mwisho aondoke, na mlinzi wa geti anaijua orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua.

Likitokea jambo, chuo kisifanye kikao cha kusuluhisha. Mtoto asikilizwe mara moja kwa utulivu, asihojiwe na kila mkubwa anayepita, wala asiogeshwe wala nguo zisifuliwe, kwani ushahidi hupotea hapo. Habari ziende Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na kwa ofisa ustawi wa jamii, na mtoto afikishwe haraka kituo cha Mkono kwa Mkono, huduma iliyoanzia hospitali ya Mnazi Mmoja 2011, ambako daktari, polisi na mshauri hupatikana pamoja. Simu ya mtoto ni 116, haina malipo. Namba hiyo ibandikwe ndani ya milango ya vyoo na kwenye korido za dakhalia, ambako mtoto ataisoma bila ya mtu kumwangalia.